Shamba la Kokoa Lililouzwa kwa Ajili ya Mafuta

Mafuta pekee ambayo mtu anaweza kuapa kuwa yamo chini ya ardhi ya Iringa na Mbeya ni yale yanayopita ndani ya bomba la TAZAMA. Bomba hilo lilianza kazi mwaka 1968. Lina urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na lilijengwa kwa sababu walowezi wa Rhodesia, baada ya kujitangazia uhuru mwaka 1965, waliiacha Zambia bila njia ya kupitishia mafuta yake. Kwa miaka mingi lilibeba mafuta ghafi, siku hizi hubeba dizeli. Wapo watu wa nyanda hizi waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka jirani na bomba hilo, na hakuna tone lake hata moja lililozaliwa kwao.

Hata hivyo uvumi wa mafuta hauishi huku. Hadithi ninayoisimulia ni ya kutunga, na wahusika wake hawana majina. Miamba, miaka na sheria zilizomo si za kutunga.

Mwaka 2012 maneno yalikuwa mengi Kyela. Mwaka uliotangulia serikali ya Malawi iliipa kampuni ya Surestream ya Uingereza leseni ya kutafuta mafuta katika Ziwa Nyasa, zikiwemo sehemu ambazo Tanzania inasema ni zake. Malawi inashikilia mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani, uliouweka mpaka kwenye ufukwe wa mashariki. Kwa maandishi hayo mvuvi wa Matema akilowesha miguu tu amekwisha vuka mpaka. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji. Ugomvi wenyewe ni wa zamani, Mwalimu Nyerere na Kamuzu Banda walishajibizana juu yake miaka ya 1960, ila safari hii ulinukia mafuta. Bungeni Dodoma Waziri Bernard Membe akaitaka Malawi isimamishe utafiti. Magazetini neno vita likatajwa, tena si kwa kunong'ona. Baadaye shauri likapelekwa kwa wazee waliokwisha kuwa marais, Joaquim Chissano akiwa mbele yao. Nchi mbili jirani zilifika huko kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Mzee wetu alikuwa na ekari tatu za kokoa na majaruba mawili ya mpunga. Habari za ziwa alizisikia redioni, akazisikia tena kijiweni, na kijiweni ziliongezwa chumvi. Mwezi Machi mwaka huohuo Kenya ilitangaza mafuta ya Turkana. Kusini, baharini, kampuni za kigeni zilikuwa zikitangaza gesi kisima baada ya kisima. Mtu aliyesikiliza redio mwaka ule alikuwa na haki ya kudhani kwamba Afrika Mashariki nzima inaelea juu ya utajiri, imebaki kutoboa tu.

Ndipo akatokea dalali kutoka Mbeya mjini, kijana mwenye shati la mikono mirefu na chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa kitu cheusi. Hakusema mengi. Alimchukua mzee hadi kwenye mbuga iliyo karibu na ziwa, akamwonyesha maji yaliyotuama kati ya matete. Juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua: zambarau, kijani, dhahabu. Akainua chupa.

"Mzee wangu, haya ya juu ni jasho tu. Yenyewe ni haya."

Viwanja alivyokuwa akiuza kwenye mbuga hiyo vilikuwa vinne. Wazungu wa kampuni wakija, alisema, watalazimika kumlipa mwenye mahali, na watalipa kwa dola.

Mke wa mzee alipinga kwa maneno machache. "Baba watoto, kokoa tunaivuna na pesa yake tunaila. Hayo mafuta ya dalali nani amewahi kuyakaangia samaki?" Hakusikilizwa. Kokoa iliuzwa kwa mfanyabiashara wa hapohapo Kyela, pesa ikahesabiwa mbele ya mashahidi, na mbuga ikanunuliwa kwa karatasi ya mkono isiyo na hata mhuri wa kijiji.

Masika ikaja, na kama kila masika Kyela, mito ikafurika. Viwanja vinne vikawa ziwa. Mwaka ukapita, ukafuata mwingine. Namba ya dalali ikawa haipatikani.

Mzee alipanda basi kwenda Iringa kwa mpwa wake, mwalimu wa jiografia aliyesomea miamba chuo kikuu. Salamu zilipokwisha na chai ilipoletwa, alisema wazi, "Mpwa wangu, wewe umeyasoma mawe. Niambie bila kunionea aibu. Nimeliwa?"

"Mjomba, kunywa chai kwanza. Kesho tutakwenda Isimila."

Isimila iko kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini, pembeni mwa barabara iendayo Mbeya. Wageni huenda kuona zana za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Mpwa alikuwa na haja na kuta za korongo. Alimwonyesha mjomba wake mistari ya ardhi iliyolala mmoja juu ya mwingine, mwekundu, wa kijivu, mweupe.

"Hapa palikuwa na maji, mjomba. Kila mstari ni tope au mchanga uliotua chini, maji yakakauka, mistari ikabaki."

"Basi hapa ndipo pangekuwa na mafuta."

"Palikosa vitu viwili: unene na moto."

Tumwache mwalimu aendelee kumwonyesha mjomba wake, sisi tulifuate jambo lenyewe, kwa sababu nina hakika kwamba nusu ya utapeli wa aina hii hufaulu kwa kuwa wengi wetu tunadhani mafuta ni maji meusi yaliyokaa katika pango chini ya ardhi, tangu kuumbwa kwa dunia, yakimngoja mwenye bahati.

Mafuta ni mabaki ya viumbe. Vilivyo vingi si mijusi mikubwa ya kale inayochorwa vitabuni. Ni mwani na vijidudu vya majini visivyoonekana kwa macho. Hivyo hufa kila siku kwa mabilioni na kuzama. Mahali pengi huliwa au kuoza kabla ya kufukiwa, na hapo habari yao huishia. Ili visioze panahitajika maji ya chini yasiyo na oksijeni. Ziwa Nyasa ni mahali pa aina hiyo hasa: kina chake hufika takriban mita 700, na kuanzia mita 250 hivi kwenda chini hakuna mbasa wala usipa, kwa kuwa hakuna hewa ya kuvuta. Kinachozama huko hulala salama ndani ya tope.

Tope hilo lazima lifunikwe na tope jingine, na jingine, mpaka lizame kilomita mbili, tatu, nne. Kila kilomita moja ya kwenda chini huongeza joto kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi, na palipo na volkano kama Rungwe huongezeka zaidi. Joto likifika kati ya nyuzi 60 na 120, mabaki yale huanza kugeuka mafuta. Likipita sana hapo, mafuta yenyewe huvunjika yakawa gesi. Mwalimu alimweleza mjomba wake kwa lugha ya nyumbani: ni sawa na kuvundika ndizi. Shimo lisipopata joto unafukua ndizi mbichi, joto likizidi unafukua uji, na anayefukua mapema ndiye wa kujilaumu. Tofauti ni kwamba shimo hili huvundika kwa mamilioni ya miaka.

Hata hapo kazi haijakwisha. Mafuta yakishatengenezwa hayatulii. Ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo hupanda kupitia nyufa na vitundu vya mawe. Yasipozuiwa hutoka juu na kupotea. Ili yabaki lazima yakutane na jiwe la mchanga lenye nafasi ndogondogo za kuyapokea, juu yake pawe na tabaka la tope gumu lisilopitisha kitu, na matabaka hayo yawe yamejikunja au kukatwa na ufa kwa namna ya kutengeneza mtego. Tena mtego uwe tayari kabla mafuta hayajapita. Ukichelewa, unafunga tupu.

Kwa kipimo hicho Iringa inaondoka mapema. Jiwe la Gangilonga lililo juu ya mji, lile la masimulizi ya Mkwawa, ni la mwamba wa kale mno, umri wake huhesabiwa kwa mabilioni ya miaka, uliosagwa na kuchemshwa chini ya milima ambayo yenyewe ilishaliwa na mvua ikaisha. Hakuna mwani uliolala ndani yake. Isimila ina tope la ziwa, lakini ni jembamba na ni la juzi kwa hesabu ya ardhi. Mbeya nako watu huniambia, mbona Kiwira kuna makaa ya mawe? Yapo, na yalizaliwa na majani na miti ya mabwawa ya kale. Makaa huweza kutoa gesi yakipikwa sana, lakini kuona makaa si kuona mafuta.

Yanabaki maziwa ya Bonde la Ufa, na hapa ndipo hadithi ya mzee inapouma, maana hakuota kitu cha kipuuzi. Uganda ina mafuta chini ya Ziwa Albert na pembeni yake. Kule Kibiro yalikuwa yakichuruzika yenyewe ufukweni, mtaalamu E. J. Wayland akayaandika katika miaka ya 1920, kisima cha Waki kikachimbwa mwaka 1938, na mafuta ya kutosha biashara hayakuthibitishwa mpaka mwaka 2006. Kati ya maandishi ya Wayland na uthibitisho huo imepita miaka 80 hivi, na alama ilikuwa ya kweli!

Jirani zaidi na Mbeya ni Rukwa. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ya Marekani ilipima bonde hilo kwa mitetemo, ikaona chini yake mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa, ikajaa matumaini. Mwaka 1987 ikachimba visima viwili, Galula na Ivuna. Mawe ya mchanga mazuri ya kupokea mafuta yalikuwepo. Mafuta hayakuwepo. Amoco haikuwa kampuni ya kubahatisha, ilikuwa na fedha, vipimo na wataalamu waliobobea, na bado ikaondoka mikono mitupu. Kilichokuja kutangazwa huko Rukwa mwaka 2016 ni heliamu, gesi inayozalishwa na urani na toriamu ndani ya miamba ileile ya kale ambayo haiwezi kuzaa mafuta. Aliyetafuta kitu kimoja aliacha nyuma kingine bila kukichukua.

Ziwa Nyasa linasimama wapi? Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Duke walilipima kwa mitetemo miaka hiyohiyo ya 1980 na kuona chini ya maji mashapo yanayozidi kilomita nne mahali pengine. Mwaka 2005 watafiti walitoboa sakafu ya ziwa, si kwa ajili ya mafuta, ila kusoma hali ya hewa ya zamani, wakatoa nguzo ya tope yenye urefu wa mita 380 hivi. Tope ni nene, maji ya chini hayana hewa, joto la volkano lipo karibu. Tope la kuzaa mafuta linaweza kuwa lipo, na moto upo. Kuhusu mtego na mfuniko wake hakuna anayeweza kusema mpaka mtu achimbe. Mtu akikuambia mafuta yapo anakisia, na akikuambia hayapo anakisia vilevile.

"Lakini mimi niliyaona," mzee alisema, wakiwa wamekaa kivulini pale Isimila. "Niliyaona kwa macho yangu yanang'aa juu ya maji."

Mwalimu akamuuliza, "Ulichomeka kijiti?"

Hakuchomeka. Dalali hakumpa nafasi hiyo, na mimi nadhani kijana yule alijua sababu. Katika maji ya mbuga huishi bakteria wanaotumia chuma kilichoyeyuka. Huacha utando mwembamba unaotoa rangi za upinde wa mvua, sawasawa na zile za dizeli iliyomwagika. Ukiuchoma kwa kijiti, utando wa bakteria hukatika vipandevipande vyenye kingo kali, na vipande hubaki vimetengana. Utando wa mafuta huzunguka kijiti na kujiunga tena. Aghalabu chini ya ule wa bakteria utakuta ute wenye rangi ya kutu, na ukinusa hupati harufu ya mafuta ya taa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya jaribio hilo kabla ya kengele ya mapumziko. Ama ile chupa nyeusi, mafundi wa gereji yoyote pale Mwanjelwa wangemwambia bei yake, maana oili chafu humwagwa kila jioni.

Na tuseme yangekuwa ya kweli. Tundaua, kisiwani Pemba, mafuta ya kweli huchuruzika kutoka ardhini. Kilima cha Wingayongo, karibu na Rufiji, kina lami ya kweli ndani ya mawe yake. Kwa alama kama hizo BP na Shell walitafuta pwani na visiwani kuanzia mwaka 1952 hadi 1964, wakachimba Mafia, Zanzibar na Pemba, wakafunga virago. Mafuta yanayotoka juu ya ardhi yanathibitisha kwamba chini yalitengenezwa. Yanathibitisha pia kwamba mahali fulani mfuniko unavuja.

Kilichopatikana baadaye upande wa bahari ni gesi: Songo Songo mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982, na kuanzia mwaka 2010 visima vya bahari ya kina kirefu vilivyopewa majina ya viumbe wa baharini na viungo, Pweza, Chaza, Zafarani. Jumla ya gesi iliyogunduliwa nchini, ya nchi kavu na ya baharini, hutajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 na ushei. Kwa nini gesi na si mafuta? Madagascar ilikuwa imeungana nasi. Ilipoanza kuachana na pwani hii, miaka takriban milioni 170 iliyopita, bahari nyembamba yenye maji mazito iliingia katikati, na tope lake likajaa mabaki ya viumbe. Baadaye likafukiwa mno, likapikwa mno, na wataalamu wengi wanaona ndiyo maana sehemu kubwa ilipita kiwango cha mafuta ikawa gesi.

Mchanga unaoihifadhi gesi hiyo ulitoka bara. Leo Ruaha Mkuu huzoa tope la Usangu na milima ya Iringa, hulikabidhi kwa Rufiji, na Rufiji hulimwaga baharini mkabala na Mafia. Mito ya kale iliyoitangulia hii ilifanya kazi hiyo kwa mamilioni ya miaka, mchanga ukaporomoka hadi kwenye sakafu ya bahari na kugeuka jiwe. Kwa maana hiyo bara limechangia ghala. Sidhani kuna mtu wa Mbarali aliyewahi kudai kodi ya pango.

Mzee alisikiliza yote hayo kimya. Swali alilouliza mwishoni lilikuwa la mkulima. "Wakija kesho wakachimba kwenye vile viwanja vyangu, wakayapata, sitapata changu?"

Mpwa wake akamjibu kama alivyopaswa kujibiwa kabla kokoa haijauzwa, na msomaji mwenye ndugu Kyela, Ludewa au Mbamba Bay amfikishie jibu hilo. Wakati ule sheria ya mwaka 1980 ilikwisha kusema kwamba petroli iliyo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ikalirudia hilo na kuunda PURA, mamlaka inayosimamia utafutaji na uchimbaji. Kampuni haiji kwa dalali. Huja na leseni na kitalu chenye namba, na TPDC, shirika la mafuta la taifa, na PURA wanaijua. Shughuli ikigusa shamba la mtu, hulipwa fidia ya ardhi, nyumba na mazao yake, na mwenye mikokoa iliyokwisha kuzaa hulipwa zaidi ya mwenye matete. Pipa la mafuta hata moja si lake.